Jory Tregear, Aliyefukuza Gesi Chini ya Sakafu za Watu

Mvumo wa feni, wapendwa waombolezaji, mvumo mdogo kama wa nyuki ndani ya ukuta, ndio ninaousikia usiku wa manane kutoka kwa majirani wa pande zote mbili, na feni hizo alizifunga marehemu kwa mikono yake, ila kwetu ni kimya. Mimi ni Lowenna, mke wake, familia imeniruhusu nisome wasifu huu mwenyewe, nitasoma haraka kwa sababu nikisimama sitaendelea.

Jory alizaliwa tarehe 9 Machi 1989 hapa Lanner, katika nyumba ileile ya mawe tunayoishi, mtoto wa pekee wa marehemu mzee Cubert na Bi. Hester aliyeketi mbele yetu. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza sekondari Redruth mwaka 2005, kisha akajifunza uashi katika chuo cha ufundi Camborne.

Mwaka 2011 alianza kazi ya kuondoa radoni majumbani, gesi ile isiyo na rangi wala harufu inayopanda kutoka kwenye mwamba wetu na kuharibu mapafu ya mtu polepole, na mwenzake tangu siku ya kwanza alikuwa Tamsin Curnow, yule dada pale nyuma. Walitoboa sakafu, wakachimba shimo, wakapitisha bomba na kufunga feni ya kunyonya hewa mbaya na kuitupa juu ya paa, na mchana wote Jory alikuwa wa Tamsin, mimi nikiletewa mtu wa vumbi anayesinzia kwenye sahani, na pasti yangu, mkate wa kuoka uliojazwa nyama, akiibakiza nusu ili kesho ampelekee mwenzake. Bi. Hester alinicheka, akasema, "Mkwe wangu, kama unamwonea wivu mtu anayetambaa chini ya sakafu, basi na panya nao uwaonee."

Tulifunga ndoa tarehe 14 Septemba 2019, msimamizi wake akiwa huyohuyo Tamsin, na tarehe 2 Desemba 2021 tukajaliwa binti yetu Kerra.

Machi 2022 alianza kukohoa, Juni madaktari wa hospitali ya Truro wakaona uvimbe kwenye pafu, na hakuwahi kuvuta sigara hata moja, wakasema hakuna awezaye kujua umetoka wapi. Nyumba yetu alikuwa ameipima kabla ya ndoa, majibu yakawa mazuri, lakini akina Tregear hulala madirisha wazi hata Januari, ndivyo alivyolelewa, na yeye aliyewakemea wateja wafunge madirisha wakati wa kupima hakukumbuka ya kwake, upepo ukawa umeitoa gesi nje. Nilipoolewa niliyafunga, Kerra alipozaliwa nikaziba hata nyufa. Aliyeling'amua kosa hilo ni Tamsin, alipokuja kumwona mgonjwa, akasimama katikati ya chumba akaniuliza, "Wifi, tangu lini humu ndani kuna joto?"

Jory alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Amenikamata."

Tulipima upya, Oktoba majibu yakaja mabaya. Tamsin alitaka kuanza kesho yake, Jory akasema atafunga feni mwenyewe akipata nafuu, nami nikamuunga mkono, kwa sababu sikutaka mkono mwingine utoboe sakafu yangu, wa Tamsin kuliko yote. Nafuu haikuja. Mume wangu alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 11 Februari 2023, na tangu majibu yale ya Oktoba mimi na Kerra tunalala na makoti, madirisha wazi, kila akipiga chafya moyo unanitoka.

Basi nasema mbele yenu nisipate pa kurudi nyuma, Tamsin, njoo Jumatatu, toboa pale Jory alipoweka alama ya chaki, mtoto apate hewa, wivu wangu nitaumeza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Truro, majirani mliotuletea supu na kuni, mafundi wenzake wote, na wewe Tamsin.

Ila neno alilonong'ona alfajiri ile, mama yake ameniuliza, mchungaji ameniuliza, Tamsin naye ameniuliza. Miaka yote niligawana mume na sakafu zenu, hilo moja ni langu. Lala salama, Jory, sitamwambia mtu yeyote.