Kiganja Anaiacha Transfoma ya Wodi ya Watoto

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, fundi mkuu wa umeme wa hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne. Jina lake liko kwenye faili. Sisi tunamwita Kiganja, kwa sababu hapiti mashine bila kuigusa kuona kama ina joto. Shemeji yetu, mkewe, analalamika kwamba akifika nyumbani huanza kuisalimia friji kabla yake.

Alianza kwa kubadilisha balbu, akapanda mpaka kushika karakana nzima. Na jamani, mtu huyu hakai kitako! Chai yake hupoa mezani kila siku.

Mwaka tulioletewa msaada wa vitanda vya joto vya watoto njiti, vilikuja na transfoma yao. Kibati cha maelezo kilichobandikwa juu yake kilisema volti mia mbili na arobaini, sawa na umeme wetu. Ikafungwa, tukapiga makofi. Kiganja alikuwa likizo.

Aliporudi Jumatatu asubuhi, aliisikia ikinguruma tangu kwenye korido. Akaigusa, akautoa mkono upesi. Mstari wa chini wa kibati ulisema mizunguko sitini kwa sekunde. Umeme wetu una hamsini. Kwa volti zilezile na mizunguko michache, chuma cha transfoma kama hiyo huelemewa, nayo hujipika yenyewe polepole. Na vitandani mlikuwa na watoto saba.

Hakungoja kikao. Aliwaomba wauguzi wawaweke watoto vifuani kwa mama zao, akakimbilia stoo kutafuta vifaa, akashusha volti zinazoingia hadi mia mbili, ziendane na mizunguko hamsini. Ngurumo ikapungua. Vitanda vikawa vinachelewa kidogo kupata joto, lakini vilipata, na wote saba walikwenda nyumbani.

Ripoti yake ilisema karakana ilikosea kusoma kibati. Haikuwa karakana. Aliyekosea ni mimi ninayeandika haya, na ndimi ninayekabidhiwa funguo Ijumaa. Miaka kumi na moja hajanitaja popote, wala hajanitania kwa hilo, yeye anayemtania kila mtu. Nimeona aibu kukaa kimya muda wote huu.

Kaka, asante. Nakiri roho yangu iko juu: leo peke yake nimeigusa transfoma ile mara nne. Ni vuguvugu tu. Tunakuombea afya, furaha na shemeji, na miaka mingi ya kukaa kitako. Kunywa chai ikiwa ya moto. Kibati nimekisoma chote, mpaka mstari wa chini.