Matokeo Yote Manne ya Mwalimu Obura

Mwalimu Sydney Obura anastaafu tarehe 31 Julai 2025, baada ya kufundisha Hisabati shuleni kwetu hapa Free Area kwa miaka thelathini na miwili.

Alifika 1993 na kopo la majani chai lenye sarafu mbili za shilingi ndani. Kila mwaka Kidato cha Tatu walizirusha, na kila mwaka waliorodhesha matokeo matatu: vichwa viwili, mikia miwili, kichwa kimoja na mkia mmoja. Alifuta ubao, wakaanza upya mpaka yatimie manne. Walimwita Bado Moja, naye alijua.

Bintiye Mitchelle alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama. Mkewe, Immaculate, alipopata mimba ya pili, daktari aliwaambia uwezekano wa huyo naye kuugua ni mmoja kati ya minne. Obura alimtuliza mkewe kwamba robo tatu iko upande wao. Jerry alizaliwa nao. Mitchelle alifariki 2008, akiwa na miaka tisa. Jerry alifariki 2016, akiwa Kidato cha Kwanza hapa hapa shuleni.

Obura aliporudi kutoka mazishini, kipindi chake cha kwanza kilikuwa cha mada ileile. Kopo hakuligusa. Aliandika ubaoni watoto wawili wa nyumba moja: wote wazima; mkubwa mgonjwa, mdogo mzima; mkubwa mzima, mdogo mgonjwa; wote wagonjwa.

Mwanafunzi mmoja, Cate Wanyoike, aliuliza, "Mwalimu, hizo mbili za katikati si ni kitu kimoja?"

"Ukihesabu tu, utaona ni kimoja," alimjibu. "Kamuulize huyo mdogo."

Kisha akaketi. Kengele ililia na hakuna aliyeinuka.

Mwaka uliofuata alianza kuwaita wahudumu wa maabara waje kupima damu ya wazazi na wanafunzi wetu wa zamani, kuona nani anabeba selimundu bila yeye mwenyewe kuugua. Si wote walioshukuru. Wachumba wawili aliowafundisha waliachana baada ya kupata majibu, na familia moja haimsalimii hadi leo. Hajawahi kujitetea. Siku hizi anayekuja na vifaa vya kupimia ni Cate.

Immaculate ameshahamia nyumbani Ugenya, walikozikwa watoto wao. Obura anamfuata Agosti.

Mwalimu, asante kwa kila mstari uliotulazimisha kuuandika. Wewe na Mama Mitchelle, tunawaombea afya, na wageni wasiokauka mlangoni.