Vitambaa Vyekundu vya Bibi Mkasi

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Bibi Mkasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi seremala na mkewe. Mimi ninayesoma ni kifungua mimba wake. Nimeagizwa wasifu usizidi ukurasa mmoja. Nitajitahidi, ingawa marehemu mwenyewe ukurasa mmoja usingemtosha kueleza habari za mche mmoja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Akili yake ilikuwa mikononi, na mwaka 1968 alihitimu mafunzo ya ushonaji akiwa wa kwanza darasani.

Kuanzia mwaka 1970 hadi 2006 alikuwa mshonaji wa hospitali, katika chumba kilichokuwa nyuma ya sehemu ya kufulia, chenye cherehani nne na dirisha moja. Alishona mashuka, mapazia na mavazi ya wagonjwa. Furushi la nguo zilizokwisha kutakaswa kwa ajili ya chumba cha upasuaji lilifungwa kitambaa chekundu, maana yake usiguse. Kwa miaka thelathini na sita, kwake nyekundu ilikuwa na maana hiyo moja tu. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Humo ndimo baba alimkuta. Baba alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na mwezi mmoja alileta kifungo kilekile cha koti lake mara tatu.

"Kaka, hiki kifungo kinakatika au unakikata?" mama akamwuliza.

"Nikikuambia ukweli, dada, utanishonea?"

Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na kujaliwa watoto watatu. Baba alitutoka mwaka 1999, na koti lake lenye kifungo hicho bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha mama.

Alipostaafu tulidhani atapumzika. Wapi! Kati ya reli na magorofa ya mtaa wetu kuna hifadhi ya msitu, ekari kumi na nane na kijito, ambayo watu walikuwa wameigeuza jalala. Mama na wenzake saba wakaanza kujitolea kila Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi. Waliokota taka, wakang'oa magugu ya miiba yaliyousonga msitu, wakapanda miti ya asili. Mkasi wa kupogolea alikuwa ameuvaa shingoni kwa kamba, na jina likamganda. Siku moja bwana mmoja wa heshima zake alitupa chupa kijitoni mbele yake. "Baba, umedondosha kitu," mama akamwambia. "Shika fimbo hii uopoe, mimi nakushikia koti." Yule bwana aliopoa, na leo ndiye katibu wa kikundi.

Mimi alinialika kwa miaka minane. Mimi ni msimamizi wa ujenzi wa barabara, na kazi haiishi. Hatimaye nikaenda, Jumamosi tarehe 5 Aprili 2014. Alinionyesha sehemu ya kung'oa magugu, akateremka kijitoni. Pale aliponiacha nikakuta miche arobaini na mitatu, kila mmoja umefungwa kitambaa chekundu. Kazini kwetu, mti wenye alama nyekundu ni wa kuondolewa. Niliing'oa yote, nikairundika juani, na kasi yangu ikanifurahisha.

Ilikuwa miche ya mti mkongwe uliokuwa umeangushwa na upepo, wa mwisho wa aina yake pale. Mama aliokota mbegu zake na kuzilea miaka miwili kwenye dirisha la jikoni, ndani ya pakiti za maziwa. Alipoliona lile rundo alikaa chini.

"Kosa ni langu, mwanangu, sikukueleza," alisema. "Lete maji, tuirudishie haraka."

Ilishika sita.

Sikurudi tena. Kila aliponiuliza nilimpa sababu: mvua, gari bovu, wageni. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Yeye hakulitaja kosa lile hata siku moja, nami sikumwomba radhi. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kuzungumza.

Tarehe 9 Agosti 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Aliendelea kwenda hifadhini akisukumwa kwenye kiti, akifundisha kwa maneno. Jumatatu tarehe 13 Januari 2025 kiharusi kilirudi, na Alhamisi tarehe 16, saa kumi alasiri, aliaga dunia.

Kesho yake katibu alituletea madaftari ya mahudhurio, ambayo mama ndiye aliyeyaandika. Nilikuwa sijui kama nimo. Jina langu aliliingiza siku ile ya miche, na hakulifuta. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na miezi tisa, mbele ya jina langu, aliandika: "Ana udhuru." Kuanzia Agosti 2023 maandishi yamepinda, ni ya mkono wa kushoto, lakini maneno ni yaleyale. Mara ya mwisho ni tarehe 11 Januari, siku tano kabla hajafa.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, na wenzake wa Jumamosi, sasa ishirini na sita. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Basi nimemwongezea wa sita, naye nitamlea mwenyewe.

Ile miche sita imenipita kimo. Vitambaa vyekundu bado vipo, na juzi Jumamosi nilivilegeza visikate magome.

Pumzika kwa amani, mama. Nisamehe. Sikuwa na udhuru.