Kengele Isiyowatoa Mama Wodini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari Mkuu wa hospitali yetu, wauguzi, ndugu wageni waalikwa, nanyi kina mama mliopakata watoto: salamu zangu zimfikie kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo achukue mbili.

Nimesimama kama mzazi wa muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto, mnayempongeza leo. Mtasema mama mtu ana maringo. Ninayo, na leo nimeyavaa.

Wodi hii ilikuwa na utaratibu wake: kengele ya jioni ikilia, mama anatoka, mtoto anabaki. Huyu mnayempigia makofi alilazwa humu kwa homa ya mapafu akiwa hajaota hata magego. Nilikaa nje chini ya dirisha la mwisho, namsikia analia, kisha namsikia amenyamaza. Wazazi wenzangu, kipi kinauma zaidi?

Mwaka huu uongozi ulikubali utaratibu huo uishe, naye akapewa kazi ya kuandika waraka, tena kwa Kiingereza, maana ndicho cha ofisi. Aliuandikia jikoni kwangu huku namenya viazi. Kiingereza changu kinaishia gudimoni, kwa hiyo alinitafsiria: utaratibu "unafutwa rasmi kuanzia leo." Ofisi ikaurudisha. Ilitaka aandike kwamba "utaondolewa hatua kwa hatua," eti ndiyo lugha ya kiungwana. Katibu wa hospitali, yule pale anayejificha nyuma ya kofia, alimwambia, "Dada, legeza kidogo."

Mwanangu hana makelele, hilo hakulitoa kwangu. Alimjibu taratibu, "Kaka, watoto wanalala humu leo. Hiyo hatua ya kwanza ni ipi, mama aingize mguu mmoja?"

Katibu akacheka mpaka akatia saini. Mungu ambariki, neno likabaki lilivyoandikwa.

Jioni ile nilimpelekea mwanangu chakula, nikasimama mlangoni mwa wodi. Kengele ikalia, mama mmoja akainuka kwa mazoea, akaanza kutafuta kandambili. Mwanangu akamshika bega: "Kaa, mama. Hiyo ni ya wageni."

Mimi sikuingia. Nilizunguka nje mpaka dirisha la mwisho, nikasikiliza. Mtoto alikuwa analia, na sauti ya mama yake ikamwambia, "Nipo."

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Naambiwa muda wangu umekwisha na kengele imeshagongwa. Nimeisikia, wanangu, ila leo sitoki.