Bi. Ackroyd Hajaketi

Ijumaa hii, tarehe 24 Juni 2005, Bi. Winifred Ackroyd anastaafu baada ya kuitumikia nyumba yetu ya kamusi hapa Halifax kwa miaka thelathini na minane. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, ingawa nina hasira.

Alianza kwa kupiga taipu, akapanda hadi kuwa mhariri wa maneno ya kale. Kila Novemba alituletea keki ya tangawizi, ngumu ajabu, na hakuna aliyethubutu kuibakiza. Aliyempelekea maelezo ya ovyo alirudishiwa papo hapo: "Mpenzi, hata wewe huamini ulichoandika."

Kazi yake ya mwisho ni neno la Kiingereza "spinster". Zamani lilimtaja mwanamke anayesokota nyuzi, mtu mwenye kazi yake, anayekula jasho lake. Baadaye mahakama na makanisa yakalifanya jina la kila mwanamke ambaye hajaolewa, na mwishowe watu wakaligeuza kejeli ya mwanamke aliyedoda. Mwanamume asiyeoa aliachiwa heshima zake, na bia ananunuliwa. Yeye mbona hakudoda? Mama yake Bi. Ackroyd alisokota sufu kiwandani mjini humu. Bi. Ackroyd mwenyewe hakuolewa, wala hajamwomba mtu radhi.

Bwana Thurlow, mkurugenzi wetu mpya, ameifuta ile maana ya kwanza, eti kubana nafasi. Sasa, desturi ya nyumba hii ni kwamba neno husomwa sote tukiwa tumesimama. Anayeridhika huketi, na halichapwi mpaka wa mwisho aketi. Jumanne wengi waliketi upesi, maana chai ilikuwa inapoa. Bi. Ackroyd hakuketi.

"Bibi, nani anasokota siku hizi?" aliuliza Bwana Thurlow.

"Na nani anapigana kwa mikuki? Mbona mashujaa wa kale wapanda farasi umewaachia ukurasa mzima wa kamusi?"

Bwana Thurlow akakunja karatasi zake, akatabasamu. "Basi tutasoma tena Jumatatu. Utakuwa umeshastaafu."

Huo ni uhuni, na siutafutii jina la adabu. Unamsubiri mtu aage ndipo umfute?

Bi. Ackroyd, asante kwa kazi, kwa ukali na hata kwa keki. Tunakuombea siku njema, na miguu yako ipate raha. Jumatatu tutasimama sisi, wote kumi na mmoja, na Bwana Thurlow asome mpaka sauti imkauke.