Ini la Mtu Asiyeonja Pombe

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi saa na mshona nguo. Mimi ni dada yake, kitinda mimba, na nasoma haya nikiwa na hasira. Mnisamehe au msinisamehe, shauri yenu.

Shuleni aliipenda kemia kupita kiasi. Chuoni alisomea protini, akabaki hapo hapo kufundisha, na wanafunzi wakampachika jina la Bwana Mkunjo. Darasani aliinua mkufu wa shanga wa binti yake. "Protini ni uzi wa shanga," aliwaambia. "Zinazochukia maji hukimbilia ndani, zinazoyapenda hubaki nje, na uzi unajikunja wenyewe mpaka upate umbo lake. Bila umbo hilo, kazi hakuna." Siku moja mkufu ulikatika, darasa zima likatambaa chini ya madawati kuokota shanga, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwaka 2001 alimwoa muuguzi, wifi yangu huyu hapa. Siku ya harusi yake alikunywa soda. Soda, jamani!

Mwaka 2022 macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji. Ini lilikuwa limeharibika. Basi midomo ikafunguka: eti mlevi wa kificho. Daktari wa kwanza hakupima chochote, alimwambia tu, "Mzee, acha pombe." Na kaka yetu mkubwa, pale pale kwenye korido ya hospitali, akamvaa wifi: "Shemeji, unamficha wa nini? Tunajua anakunywa." Mtu anaumwa hajiwezi, ndugu yake anamsimanga!

Marehemu mwenyewe ndiye aliyedai kipimo cha maana. Ulikuwa ugonjwa wa kurithi. Katika protini inayolinda mapafu, shanga moja tu ilikuwa siyo; uzi ukajikunja vibaya, ukakwama ndani ya ini, unakotengenezwa, ukaliharibu. Akatuomba ndugu zake tupime. Mimi nilipima. Kaka mkubwa alijibu, "Mimi si mlevi, nipime nini?"

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, kaka mmoja na mimi. Lala, Bwana Mkunjo, hakuna atakayekusema vibaya tena mbele yangu.

Na wewe, kaka, vua hiyo miwani ya jua. Nimeyaona macho yako asubuhi, yana rangi ile ile. Kesho nakuja kukuchukua twende maabara. Huyu nimemzika kwa ugonjwa, wewe sikuziki kwa ubishi.