Nilimtangaza Mtu Hai Kuwa Amekufa

Mukama yeebazibwe! Na ninyi wa Kongo na Kenya mlioketi huko nyuma: Bwana ashukuriwe! Kwa nguvu kidogo, jamani!

Naitwa Prossy. Wengi mnanifahamu, nawasomea habari na michezo kwenye televisheni. Pale mlangoni mama mmoja ameniambia kwamba kwenye skrini naonekana mnene zaidi. Asante, mama.

Ndugu zangu, nilipenda kuwa wa kwanza. Mchezaji akihama timu, kocha akifukuzwa, lazima Kampala isikie kwangu kabla ya kusikia kwa mwingine. Nilijivunia hilo, sitawaficha.

Jioni moja, dakika chache kabla ya kuingia hewani, kundi la mashabiki kwenye simu likaandika kwamba Ssalongo, kipa wetu wa zamani aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, ameaga dunia. Kazi yetu ina sheria: kifo hakitangazwi kabla ya kuzungumza na familia. Namba ya mkewe nilikuwa nayo. Sikupiga. Nilitangaza kwa ile sauti yangu ya msiba, kisha nikasoma ratiba ya ligi.

Ssalongo alikuwa hai! Alikuwa kitandani anakunywa uji!

Mkewe, Nnalongo, anauza nyanya soko la Kalerwe. Hakuona televisheni. Aliona majirani wakimjia sokoni kwa vilio, wanawake wamejifunga vitambaa kiunoni, wakimwambia wanaume wameshawasha moto wa matanga nyumbani kwake. Simu yake ikalia, jina la mumewe. Hakupokea, alidhani ni wauguzi wanamwita akachukue mwili. Saa nzima mama wa watu aligaagaa kwenye tope, mpaka shemeji yake alipofika mbio kutoka Mulago na habari ya kweli.

Kesho yake bosi alinipa karatasi nisome hewani: "Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza." Uliojitokeza! Kama vile ulikuja wenyewe kwa miguu. Nikasoma. Ssalongo alicheka tu, akasema sasa anawajua watakaomlilia. Nikajiambia yamekwisha.

Hayakwisha, ndugu zangu. Wiki ile ile taa nyekundu ya kamera ikawaka, koo likafunga. Nyumbani nazungumza vizuri; mbele ya kamera, au hata mbele ya kikundi cha watu, kimya. Madaktari wakapima, wakasema koo ni zima. Nikaondolewa kwenye skrini. Kusema ndiyo kazi pekee niliyoijua maishani, na sasa inanitoka! Nililia sana. Kila nilipoomba nirudishiwe sauti, moyoni nilimwona Nnalongo. Miezi mingi nikabishana na Mungu: Bwana, si niliomba radhi?

Hatimaye nikaenda Kalerwe. Nikapiga magoti mbele ya meza yake ya nyanya, mimi ambaye tangu nianze kujulikana nilikuwa nimeacha desturi yetu ya kupiga magoti, nasalimia wakubwa nikiwa wima. Nnalongo akaendelea kuhudumia wateja. Magoti yakaanza kuniuma ndipo aliposema:

"Ssalongo anacheka, sawa. Yeye hakufa. Lakini mimi nilikuwa mjane saa moja nzima. Hiyo saa nani atarudisha?"

"Hakuna, nnyabo, mama yangu. Nilikosa. Namba yako nilikuwa nayo, sikupiga."

"Basi sema hiyo watu wote wasikie."

Watu walikuwa wamejaa, wananitazama. Nikasema moyoni, Yesu, nisaidie, nikafungua kinywa. Sauti ikatoka! Bila karatasi nikawaambia: mimi Prossy nilitangaza uongo, sikuuliza mtu, kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza. Nilikuwa nalia, lakini sauti haikukatika. Haleluya!

Nimerudi kazini, na siku hizi wa kwanza ni wengine. Nnalongo hajatamka kwamba amenisamehe. Siku ile alinishika mkono, akaniinua, akaniambia nirudi Jumamosi. Narudi kila Jumamosi, tunapanga nyanya pamoja. Juzi alienda kumwona mgonjwa, akaniachia meza yake mimi peke yangu.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyu. Nawe uliyeketi hapo, kama kuna mtu uliyemuumiza na unaongea na Mungu tu kuhusu yeye, mtegemee Bwana, uende kwake leo. Usipeleke karatasi. Piga magoti, useme, "Ni mimi."